Chapa ya Farasi: jinsi Akbar alivyoushika ufalme wake, na jinsi nusura umponyoke mwaka 1580

Mwaka 1574 wasomi wawili waliingia katika baraza la Akbar, mfalme wa Mughal kule Bara Hindi. Mmoja aliitwa Abdul Qadir Badauni, mtu wa miaka 34, hodari wa Kiarabu na Kiajemi, mwenye sauti nzuri hata mfalme akamfanya imamu wa swala za siku ya Jumatano. Wa pili alikuwa Abul Fazl, kijana wa miaka 23. Walitoka chuo kimoja, maana Badauni alisomeshwa na Sheikh Mubarak wa Agra, baba yake Abul Fazl. Badauni mwenyewe alisema wao ni mikate miwili ya tanuri moja.

Wote wawili walipewa daraja moja: ishirini. Maana yake, kila mmoja alete farasi wanaolingana na daraja hilo, wakaguliwe, wapigwe chapa ya moto, ndipo mshahara uanze kutoka. Abul Fazl akaleta farasi wake. Badauni hakuleta. Aliomba ardhi ya kujikimu badala yake, akapewa bigha 1,000 (bigha ni kipimo cha eneo la shamba), na safari yake ya vyeo ikaishia hapo. Mwenzake alipanda hadi akawa msiri wa mfalme na mwandishi wa historia rasmi ya utawala. Yeye akabaki kutafsiri vitabu vya Kihindu ambavyo moyo wake ulivikataa, huku akiandika kwa siri historia yake mwenyewe, yenye uchungu mwingi, ambayo haikuonekana hadharani mpaka Akbar alipokwisha kufa.

Nimeanza na hawa wawili kwa sababu kisa chao kinaonyesha kitu ambacho vitabu vingi hukipita haraka. Akbar anakumbukwa kwa mambo mawili, ushindi vitani na uvumilivu wake kwa dini za watu wengine. Yote mawili ni kweli. Lakini watawala walioshinda vita walikuwa wengi, na baba yake alikuwa mpole pia, na upole ule haukumsaidia. Kilichomfanya Akbar atawale miaka karibu 50, kutoka 1556 hadi 1605, ni kwamba alifaulu kumfanya kila mwenye silaha ale kupitia daftari moja, na daftari hilo alilishika yeye. Na siku alipolikaza, nusura limmalize. Siku hizo ndizo ninazotaka kuzichambua hapa.

Alichorithi

Jina la ufalme lilikuwa kubwa kuliko ufalme wenyewe. Babu yake, Babur, aliiteka Delhi baada ya vita vya Panipat mwezi Aprili 1526, akafa miaka minne baadaye. Baba yake, Humayun, alipigwa mara mbili, 1539 na 1540, na Sher Shah, Mwafghani aliyeinukia Bihar, akakimbilia Uajemi. Akbar alizaliwa Umarkot katika nchi kavu ya Sindh, Oktoba 1542, wazazi wake wakiwa safarini kama wakimbizi. Humayun aliirudia Delhi mwaka 1555. Mwezi Januari 1556 alikuwa anashuka ngazi za maktaba yake, akasikia adhana, akataka kupiga goti kwa heshima, akateleza. Siku chache baadaye akafariki. Mtoto wa miaka 13 akatawazwa huko Kalanaur, Punjab, juu ya jukwaa la matofali.

Waliomzunguka mtoto huyo wengi walikuwa Waturani, watu wa Asia ya Kati, wengine Waajemi. Kwa Mturani wa wakati ule, mfalme alikuwa mkubwa wa wenzake, mtu mliyepigana naye bega kwa bega na mnayestahili kugawana naye nyara. Tena desturi ya ukoo wa Timur, yule mshindi wa Asia ya Kati ambaye Akbar alikuwa wa kizazi chake, ilimpa kila mwanamfalme haki ya kudai sehemu yake. Kwa hiyo amiri aliyekasirishwa hakulazimika kuupinga ukoo. Alitafuta mwanamfalme mwingine tu. Na mwingine alikuwepo: Mirza Hakim, ndugu wa Akbar kwa baba, aliyekaa Kabul. Mwaka 1566 makamanda wa Kiuzbeki walioasi walisomesha hotuba ya Ijumaa kwa jina lake. Hotuba ya Ijumaa na sarafu ndivyo vilivyomtambulisha mfalme. Jina likibadilika mimbarini, utii umebadilika.

Miaka ya kwanza alitawala kwa mikono ya wengine. Mlezi wake, Bairam Khan, alishinda vita vya pili vya Panipat mwezi Novemba 1556, akaendesha mambo hadi 1560, Akbar alipomwondoa. Bairam akaasi, akashindwa, akasamehewa, akaruhusiwa kwenda Hija, akauawa njiani Gujarat mwanzoni mwa 1561. Baada yake nguvu zikaenda kwa watu wa maziwa: Maham Anga, mlezi wa Akbar tangu utotoni, na mwanawe Adham Khan, ndugu yake wa ziwa.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu tukio la Mei 1562 linasema mengi. Adham Khan aliingia na watu wake katika ukumbi wa ngome ya Agra ambamo waziri, Atga Khan, alikuwa amekaa na wenzake wakifanya kazi za serikali. Atga Khan naye alikuwa mtu wa maziwa, mume wa mwanamke mwingine aliyemnyonyesha mfalme. Wakamchoma visu hapo hapo. Adham Khan akapanda hadi baraza la juu, kwenye mlango wa nyumba ya ndani alimolala mfalme. Towashi akaufunga mlango. Akbar, kijana wa miaka 19, akaamshwa na kelele, akatokea mlango mwingine, akaiona maiti, akamwuliza Adham Khan kwa nini. Yule akamshika mikono ili ajitetee. Akbar akampiga ngumi ya uso akaanguka, akaamuru afungwe na kutupwa chini kutoka barazani. Hakufa. Wakamburura juu tena, wakamtupa mara ya pili, kichwa kikitangulia. Kisha mfalme akaenda mwenyewe kumweleza Maham Anga. Mama yule akajibu kwamba amefanya vema, na siku 40 baadaye naye akafa.

Mtu anaweza kukisoma kisa hiki kama hasira ya ujana. Mimi naona ni siku Akbar alipotambua kwamba undugu wa damu na wa maziwa ulikuwa umempa watu wanaomwona mfalme kama mali ya familia. Aliwahitaji watu ambao, bila yeye, hawana pa kusimama.

Mlango wa Amber na ngome ya Chittor

Mwaka huo huo wa 1562 alimwoa binti wa Raja Bharmal wa Amber, ufalme mdogo wa Warajputi, Wahindu wa koo za kivita. Bharmal alikuwa amebanwa: afisa mmoja wa Mughal alimsumbua, na jamaa zake walikitaka kiti chake. Ndoa ikamwokoa. Alibaki na nchi yake na dini yake, na mwanawe Bhagwant Das pamoja na mjukuu wake Man Singh wakaingia katika jeshi la mfalme. Mwaka 1563 Akbar akafuta kodi waliyotozwa mahujaji wa Kihindu, na mwaka 1564 akafuta jizya, kodi waliyotozwa wasio Waislamu. Falme nyingine za Warajputi zikaanza kutazama Amber ilivyoneemeka.

Lakini si zote zilizoshawishika kwa kutazama. Mewar, ufalme mwingine wa Warajputi, ilikataa. Akbar akaizingira ngome yake ya Chittor kuanzia mwishoni mwa 1567, akachimba mahandaki, akalipua kuta, na Februari 1568 akaingia. Wanawake wa ngome walijitupa motoni wasitekwe. Kisha akaamuru mauaji ya waliobaki ndani, na wengi wao walikuwa wakulima waliokimbilia humo kutafuta hifadhi. Abul Fazl, ambaye hakuwa na sababu ya kumchafua bwana wake, anataja watu 30,000. Naandika hili waziwazi kwa sababu Akbar wa picha nzuri, yule wa kujadiliana na mapadri na makasisi wa Kizoroasta, ni mtu yule yule. Mlango wa Amber ulivutia zaidi baada ya watu kuiona ngome ya Chittor. Ranthambore, ngome nyingine ya Warajputi, ilisalimu amri mwaka uliofuata bila kupigana hadi mwisho.

Miaka minane baadaye, Juni 1576, Rana Pratap wa Mewar alipambana na jeshi la Mughal huko Haldighati. Aliyeongoza jeshi la Mughal alikuwa Man Singh, Mrajputi. Miongoni mwa makamanda wa Pratap alikuwamo Hakim Khan Sur, Mwafghani Mwislamu. Anayetaka kuieleza himaya hii kama vita vya dini mbili atakwama hapo hapo.

Daftari

Tuje sasa kwenye chapa. Amiri alipewa mapato ya eneo fulani, lililoitwa jagiri, na kwa mapato hayo alitakiwa kuweka askari wapanda farasi, tuseme 1,000. Wengi waliweka sehemu ndogo tu na kula kilichobaki. Siku ya ukaguzi, anaeleza Badauni, amiri aliwavalisha sare mafundi cherehani, wafumaji, maseremala na wauza mboga, akawapandisha juu ya farasi wa kuazima. Ukaguzi ukiisha, kila mtu anarudi kazini kwake. Askari hewa, kwa lugha yetu. Hasara haikuwa ya fedha peke yake: mfalme aliyedhani ana jeshi la 50,000 hakujua kama vita vikizuka atapata nusu yake.

Akbar hakubuni dawa. Alauddin Khalji aliwapiga farasi chapa karne mbili na nusu kabla yake, na Sher Shah alifanya hivyo pia. Lakini tangu 1573 Akbar alianza kuifanya kanuni ya himaya nzima, akaifunga pamoja na vyeo. Kila afisa akapata daraja la namba, liitwalo mansabu, kuanzia 10 hadi 5,000, na wanamfalme juu zaidi. Namba hiyo ilisema mshahara wako, nafasi yako ya kusimama barazani, na idadi ya farasi unaodaiwa. Farasi alipigwa chapa. Askari akaandikiwa wasifu: jina lake, la baba yake, atokako, rangi ya mwili, umbo la paji la uso, nyusi, makovu. Seremala wa kuazima sasa alikuwa na kazi ya kueleza kovu lake limekwenda wapi.

Na jagiri halikuwa shamba la urithi. Amiri alihamishwa baada ya miaka michache, leo Bihar, kesho Malwa, asije akaota mizizi na kujenga watu wake. Warajputi ndio waliobaki na nchi zao za asili, ila hata wao walitumwa mbali. Man Singh wa Amber alitumika Kabul, kisha Bihar na Bengal.

Upande wa kodi, kazi ya kina zaidi ilifanywa na Todar Mal, Mhindu wa jamii ya Khatri aliyekuwa ameujua mfumo wa Sher Shah. Zamani mashamba yalipimwa kwa kamba ya katani. Ikilowa hunywea, ikikauka hurefuka, na kila anayejua hilo hupima saa inayomfaa yeye. Ikaletwa fito za mianzi zilizounganishwa kwa pete za chuma. Mwaka 1575 mashamba ya majimbo ya kati yalirudishwa chini ya hazina na kukabidhiwa wakusanyaji, kila mmoja akipewa eneo lililotarajiwa kutoa dam (sarafu za shaba) milioni 10, yaani rupia 250,000. Miongoni mwao walikuwamo wakatili waliowafilisi wakulima hadi wakauza watoto, na baadaye Todar Mal aliwabana wakusanyaji wenyewe kwa ukali. Kufikia 1580 takwimu za miaka 10 za mavuno na bei zilikuwa zimekusanywa, ukapatikana wastani, na mkulima akatakiwa kulipa takriban theluthi moja ya thamani, kwa fedha taslimu.

Mwaka huo huo himaya iligawanywa majimbo 12. Gavana hakuachiwa peke yake: diwani wa jimbo alishika fedha na kuwajibika kwa diwani wa makao makuu, bakshi alishika orodha ya askari na vyeo, na mwandishi wa habari alituma taarifa za kila kinachotokea. Gavana mwenye jeshi hana hazina, na mwenye hazina hana jeshi.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa amesikia mwangwi tayari. Diwani wetu wa kata amebeba jina hilo la mtunza fedha wa Mughal. Jimbo la Akbar liligawanywa sehemu zilizoitwa sarkar, neno la Kiajemi ambalo kwetu ndilo serikali. Rupia ya Sher Shah ilikuja hadi pwani yetu na kutumika mpaka miaka ya 1920, na tukihesabu laki moja tunahesabu kwa namba ya makarani wale. Hata chapa yenyewe ni neno la Kihindi. Bahari ya Hindi ilileta nguo na wafanyabiashara, na maneno ya ofisi yakaja nao.

Mwaka wa mtihani

Kanuni hizi zilimgusa kila mtu pabaya. Aziz Koka, ndugu wa ziwa wa Akbar na mtoto wa Atga Khan aliyeuawa, aliipinga chapa hadharani. Akbar alimpenda sana. Alizoea kusema kati yao kuna mto wa maziwa asioweza kuuvuka. Hata hivyo alimvua madaraka na kumfungia katika bustani yake mwenyewe Agra. Kama ndugu wa mfalme alifungiwa bustanini kwa sababu ya farasi, maamiri wengine walielewa.

Masheikh nao walibanwa na daftari hilo hilo. Wengi waliishi kwa ardhi za msaada walizopewa na watawala waliopita. Akbar akaanza kuzikagua, na aliyekuwa na zaidi ya bigha 500 alitakiwa kufika mwenyewe na hati zake mbele ya mfalme. Mwaka 1579 akawafanya wanazuoni wakubwa watie saini tamko lililompa yeye haki ya kuchagua pale wanazuoni wanapohitilafiana. Historia nyingi hueleza hasira ya masheikh kama suala la itikadi. Itikadi ilikuwepo, na Badauni anaionyesha kila ukurasa. Ila ukiwauliza nini kilitangulia, mashaka juu ya imani ya mfalme au mwito wa kuleta hati za shamba, naamini wengi wangetaja shamba.

Cheche ilikuwa posho. Bengal ilitekwa mwaka 1576, na askari wa Kiturani waliiona kama adhabu: mvua zisizokwisha, homa, mito kila upande ambako farasi hana msaada. Akbar akaamuru posho ya waliohudumu huko iongezwe kwa asilimia 100, na Bihar kwa asilimia 50. Diwani mkuu, Khwaja Shah Mansur, mtu makini sana wa hesabu, akaipunguza: Bengal 50, Bihar 20. Gavana wa Bengal, Muzaffar Khan, akatekeleza bila kulegeza. Wakati huo huo farasi waletwe, wapigwe chapa.

Januari 1580 ukoo wa Qaqshal, chini ya Baba Khan, ulinyoa vichwa, ukavaa kofia ndefu, ukaingia uasini. Masum Khan Kabuli akawasha moto wa pili Bihar. Kadhi wa Jaunpur, Mulla Muhammad Yazdi, akatoa fatwa kwamba kumwasi mfalme ni wajibu. Mwezi Aprili Muzaffar Khan alikamatwa Tanda na kuuawa. Mimbarini likasomwa jina la Mirza Hakim wa Kabul. Kila alichokiogopa Akbar tangu utoto wake kilikuwa kimekutana mahali pamoja: maamiri, masheikh na mwanamfalme mbadala.

Uamuzi wake wa kwanza ndio ninaoustaajabia zaidi. Hakwenda Bengal. Mtu aliyewahi kukimbiza farasi kutoka Fatehpur Sikri hadi Ahmedabad kwa siku chache mwaka 1573 ili kuzima uasi wa Gujarat, safari hii alikaa. Bengal ilikuwa inawaka, lakini Bengal haikuwa na mfalme wa kuitoa. Mfalme angetoka Kabul, na njia ya Kabul hupita Punjab. Akatuma wengine mashariki na kubaki na macho kaskazini magharibi.

Aliowatuma wanaeleza mfumo wote. Wa kwanza alikuwa Todar Mal, yule wa fito za mianzi. Waasi walimzingira Munger, naye akashikilia. Hakuwa na sababu ya kuungana na watu ambao malalamiko yao makubwa yalikuwa vitabu vyake vya hesabu. Wa pili alikuwa Aziz Koka. Akbar alimtoa bustanini, akampa daraja la 5,000 na cheo cha Khan-i Azam, akampeleka Bihar. Kwa waasi ule ulikuwa ujumbe: mpinzani mkubwa wa chapa amerudishwa kwa heshima, na anakuja kupigana upande wa mfalme. Yazdi na mwenzake mmoja waliitwa makao makuu. Mashua yao ikazama mtoni Jumna. Hakuna aliyedhani ni ajali.

Mirza Hakim alivuka Indus na kufika Lahore mapema 1581, akitarajia Punjab iinuke. Ndani ya ngome walikuwamo Man Singh na Bhagwant Das, na malango yalifungwa. Akangoja. Hakuna amiri aliyetoka kumpokea. Nami naona sababu ni nyepesi. Mturani angeweza kupata kitu kwa mfalme wa Kabul. Man Singh angepata nini? Katika utawala wa Kabul, wa masheikh na Waturani, Mrajputi hana daraja, na Todar Mal hana meza ya kuandikia. Nafasi zao zilikuwepo katika daftari la Akbar peke yake. Mirza Hakim akageuka, na baadhi ya watu wake wakazama walipokuwa wanavuka mto Chenab.

Akbar aliondoka Fatehpur Sikri Februari 1581 na wapanda farasi wapatao 50,000, na kabla ya kuondoka aliwalipa mshahara wa miezi 8 mbele. Miezi minane! Mwaka mmoja baada ya diwani wake kuwasha uasi kwa kupunguza posho. Somo lilikuwa limeingia.

Njiani likatokea jambo ambalo hadi leo linaniuma kulisoma. Zilikamatwa barua zilizodaiwa kuwa za Shah Mansur na Mirza Hakim. Maamiri walimchukia diwani yule kuliko mtu yeyote kambini. Akatundikwa kwenye mti. Baadaye, Akbar akiwa Kabul, ikabainika kwamba barua zilizomponza zilikuwa za kughushi. Mtu aliyetekeleza kanuni za bwana wake kwa uaminifu aliuawa kwa tuhuma ya uhaini, na kifo chake kikawatuliza wale aliokuwa akiwabana. Akbar alijuta, wanasema waandishi wake. Lakini aliwahi kuwaona watu hao wakila njama, na siku ile alichagua kuamini.

Agosti 1581 aliingia Kabul. Hakuitawala moja kwa moja. Aliiacha chini ya dada yake Mirza Hakim, na yule ndugu akarudi kimyakimya hadi alipokufa mwaka 1585, ndipo Kabul ikawa jimbo. Bihar ilitulia mapema. Bengal iliendelea kuwaka kwa vipindi miaka mingi, na chapa ya farasi haikufutwa.

Kisichoingia daftarini

Kuna swali moja ambalo mfumo huu haukulijibu: nani anafuata. Amiri angeweza kuhamishwa, sheikh kukaguliwa, Mrajputi kupewa daraja. Mwana wa mfalme alizaliwa juu ya orodha. Salim, aliyezaliwa 1569 na binti wa Amber, alifika miaka 30 baba yake akiwa bado mzima na mwenye nguvu. Mwaka 1600 akajitenga Allahabad, akachukua rupia zaidi ya laki 30 kutoka hazina ya Bihar, akaanza kugawa jagiri na vyeo kwa watu wake. Hakuukataa utaratibu wa baba yake. Alifungua daftari lake mwenyewe.

Akbar akamwita Abul Fazl arudi kutoka Dekani, kusini mwa Bara Hindi, ambako msomi yule wa farasi wa daraja la ishirini sasa aliongoza majeshi. Agosti 1602, njiani, Bir Singh Deo, Mrajputi wa ukoo wa Bundela, alimvizia na kumwua kwa maagizo ya Salim, na kichwa kikapelekwa Allahabad. Akbar alilia na kuagiza Bir Singh awindwe. Hakupatikana. Oktoba 1605 Akbar akafariki, Salim akatawazwa kwa jina la Jahangir, na Bir Singh Deo akaitwa barazani na kupewa daraja la 3,000.